Nani Aliandika Mstari Huu? Uhakiki wa Usawiri wa Rekodi Zilizobadilishwa katika Tamthilia ya Televisheni Mr Bates vs The Post Office

1.0 Utangulizi

Tamthilia ya televisheni Mr Bates vs The Post Office ilirushwa na kituo cha ITV nchini Uingereza kuanzia tarehe 1 hadi 4 Januari 2024. Iliandikwa na Gwyneth Hughes na kuongozwa na James Strong, nayo ina sehemu 4. Inasimulia mkasa wa kweli wa mawakala wa posta, yaani watu wanaoendesha matawi ya posta kwa mkataba, mara nyingi ndani ya duka la kijiji. Mawakala hao walidaiwa fedha, wakaondolewa kazini, wakashtakiwa, na baadhi yao wakafungwa, kwa sababu mfumo wa kompyuta uitwao Horizon ulionesha upungufu katika hesabu zao. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani katika mashauri yaliyoegemea takwimu za mfumo huo, nao mfumo wenyewe ulikuwa na kasoro.

Tamthilia hii imesifiwa kwa nguvu yake ya kijamii, na sifa hiyo inaistahili. Mawakala 555 walikuwa wamekwisha kushinda katika Mahakama Kuu mwaka 2019, na Mahakama ya Rufani ilikuwa imefuta hukumu za watu 39 mwezi Aprili 2021. Hata hivyo, walio wengi walikuwa bado wakisubiri. Siku chache tu baada ya sehemu ya mwisho kurushwa, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba ingetunga sheria ya kuwasafisha kwa pamoja, na sheria hiyo ikapitishwa mwezi Mei 2024. Ni nadra kwa kazi ya sanaa kupata jibu la haraka kiasi hicho.

Uhakiki huu haupingani na sifa hizo. Unachochunguza ni jinsi tamthilia inavyolisawiri swali ambalo ndilo kiini cha mkasa wote: rekodi ilipobadilika ndani ya hifadhidata, ni nani aliyeibadilisha? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tamthilia inafaulu sana kuonesha maumivu ya mtu aliyebebeshwa mstari asiouandika, lakini inafaulu nusu tu kuonesha mpangilio uliowezesha mstari huo kubeba jina lake. Kwa sababu hiyo mtazamaji anaondoka akiwa na hasira dhidi ya sura za watu, huku daftari lenyewe likibaki salama bila kuhojiwa.

2.0 Msingi wa Uhakiki: Mwandiko Uliopotea

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza kutofautisha daftari la karatasi na hifadhidata. Daftari la karatasi lina mwandiko. Karani akifuta tarakimu na kuandika nyingine, karatasi huchubuka, wino hutofautiana, na mkaguzi mwenye jicho kali hutambua kwamba mikono miwili imepita mahali pamoja. Hifadhidata haina mwandiko. Thamani mpya hukaa pale ilipokuwa ile ya zamani, bila kovu. Ndiyo maana wajenzi wa mifumo ya mashirika hulazimika kuuunda mwandiko kwa makusudi, kwa njia ya kumbukumbu ya mabadiliko.

Kumbukumbu hiyo inatakiwa kujibu maswali manne: nani alibadilisha, alibadilisha nini kutoka thamani gani kwenda ipi, lini, na kwa njia gani. Namna nyepesi kuliko zote ni kuongeza katika kila rekodi nafasi ya jina la aliyeigusa mwisho pamoja na saa. Udhaifu wake ni dhahiri: mguso mpya hufuta jina la mguso uliotangulia. Namna madhubuti zaidi ni kuwa na jedwali la historia ambalo huongezwa mistari tu, bila mstari wowote kurekebishwa wala kufutwa. Hata hivyo, namna zote mbili hukabiliwa na matatizo mawili yaliyozoeleka katika mifumo mikubwa. Kwanza, programu nyingi huingia katika hifadhidata kwa akaunti moja ya pamoja, hivyo hifadhidata huiona programu wala haimwoni mtu aliyeketi mbele yake. Jina la mtu huwa ni lile tu ambalo programu imeamua kulipeleka. Pili, wapo wasimamizi wa mfumo wenye mamlaka ya kuifikia hifadhidata moja kwa moja bila kupita katika programu. Wao wanaweza kuandika mstari, na pengine wanaweza kuchagua jina litakaloandikwa kando yake.

Hapa ndipo mkasa wa Horizon unapotofautiana na visa vya upelelezi ambavyo msomaji wa Kiswahili amevizoea. Katika riwaya za Muhammed Said Abdulla, Bwana Msa hufumbua fumbo kwa kusoma alama ambazo mkosaji hakukusudia kuziacha. Katika hifadhidata alama isiyokusudiwa ni adimu. Kwa kawaida alama ipo pale tu mtu mwenye mamlaka alipoamua mapema kwamba iwepo, na husomwa na yule tu aliyeruhusiwa kuisoma. Mpelelezi wa mkasa huu, kwa hiyo, hakukabiliwa na ukimya wa mkosaji peke yake. Alikabiliwa na ushahidi uliotunzwa nyumbani kwa mtuhumiwa.

3.0 Skrini kama Mhusika

Onyesho linalokumbukwa kuliko mengine ni lile la Jo Hamilton, anayeigizwa na Monica Dolan. Hamilton anaendesha tawi la kijiji cha South Warnborough, Hampshire. Usiku, baada ya kufunga, hesabu zake hazilingani. Anapiga simu kwa kitengo cha msaada, anafuata maelekezo hatua kwa hatua, na mbele ya macho yake upungufu wa takriban pauni 2,000 unageuka kuwa maradufu.

Kifani, onyesho hili limejengwa kwa ustadi wa hali ya juu. Skrini inakuwa mhusika: inatenda wakati binadamu wote waliopo wamesimama. Kamera inakwenda kutoka tarakimu kwenda usoni mwa Hamilton, na mtazamaji anajua kile ambacho mahakama haikujua kwa miaka mingi, yaani kwamba hakuna mkono wa mwizi katika chumba hicho. Hiki ni kinaya cha kidrama kilichokamilika. Tena, sauti ya upande wa pili wa simu inapowaeleza mawakala, mmoja baada ya mwingine, kwamba hakuna mwingine aliyepata tatizo kama hilo, tamthilia inaonesha kwamba upweke wao ulitengenezwa. Kila wakala alikuwa na mstari wake mmoja. Aliyekuwa na mistari yote hakuisoma kwa pamoja.

Lakini palepale onyesho linapofikia kilele, linaacha swali lake muhimu. Tarakimu imebadilika: je, ndani ya mfumo imeandikwa kwamba nani ameibadilisha? Hamilton ndiye aliyekuwa ameingia kwa jina lake la mtumiaji, hivyo kila kilichotokea katika kaunta ile kilionekana kuwa tendo lake. Tofauti kati ya alichokiandika mtu na kilichoandikwa wakati mtu huyo ameingia haionekani katika skrini, nayo tamthilia haiitafutii picha. Mtazamaji anaiona kompyuta kama shetani aliyepagawa. Shetani hana jina la mtumiaji, wala haulizwi maswali.

4.0 Onyesho la Bracknell

Tamthilia inakaribia kujibu swali hilo katika onyesho la Michael Rudkin, mwakilishi wa mawakala, anayeigizwa na Shaun Dooley. Rudkin anatembelea ofisi za Fujitsu, kampuni iliyotunza mfumo, mjini Bracknell. Ni ziara ambayo Rudkin mwenyewe ameieleza kuwa ilifanyika Agosti 2008. Huko mfanyakazi anamwonesha jinsi anavyoweza kuingia katika hesabu za tawi lililo mbali na kuzibadilisha, naye anaambiwa kwamba hesabu hizo ni za kweli, si za majaribio. Muda mfupi baadaye mke wake anatuhumiwa kwa upungufu katika tawi lao.

Kidhamira, hili ndilo onyesho zito kuliko yote. Kwa mara ya kwanza mtazamaji anauona mkono mwingine ukiandika. Mandhari yenyewe inasaidia: tofauti na kaunta za vijijini zenye peremende na kadi za salamu, hapa ni chumba cha kazi kisicho na mteja wala fedha taslimu, mahali ambapo pauni ni tarakimu tu. Mwandishi amefahamu kwamba mgogoro wa hadithi ni wa vyumba viwili vinavyoshika kalamu moja, ilhali chumba kimoja tu ndicho kinachodaiwa deni.

Hata hivyo, onyesho linamalizikia kwenye mshtuko. Kilichofuata katika maisha halisi kilikuwa kizito zaidi ya mshtuko huo. Kwa miaka mingi Post Office ilikana kwamba hesabu za tawi zinaweza kubadilishwa kutoka mbali bila wakala kujua. Katika kesi ya mawakala 555, Richard Roll, aliyewahi kufanya kazi Fujitsu, alitoa ushahidi kwamba yeye na wenzake walifanya hivyo. Jaji Fraser, katika hukumu yake ya tarehe 16 Desemba 2019, aliridhika kwamba katika mfumo wa awali miamala iliweza kupenyezwa katika hesabu za tawi kwa namna ambayo ingeonekana kana kwamba imefanywa na wakala mwenyewe. Aidha, ilibainika kwamba kwa miaka kadhaa kumbukumbu za watumiaji wenye mamlaka makubwa zilionesha kuwa mtu ameingia na ametoka, bila kuonesha alichokifanya humo ndani.

Jambo hilo la mwisho lingestahili onyesho lenye uzito sawa na lile la Hamilton. Ni sawa na mlinzi wa ghala anayeandika saa ya kila anayeingia na kutoka, lakini haangalii kama aliyetoka amebeba gunia. Tamthilia inaliacha jambo hili likae katika maneno ya mahakamani, na maneno ya mahakamani hayashindani na picha ya tarakimu inayopanda.

5.0 Jina Lililoandikwa na Jina Lisiloandikwa

Kuna kinaya kingine ambacho tamthilia inacho mkononi lakini haikitumii kikamilifu. Mwisho wa kipindi cha hesabu wakala alitakiwa kuthibitisha kwamba fedha zilizopo zinalingana na takwimu za mfumo. Bila hivyo hakuweza kuendelea na biashara kama kawaida. Mkataba ulitafsiriwa kuwa unamtaka alipe upungufu wowote. Aliyekosa fedha za kulipa alijikuta kati ya kufunga duka na kutia sahihi hesabu asizoziamini. Wengi walitia sahihi. Sahihi hiyo ndiyo iliyozaa shtaka la kughushi hesabu. Hamilton alikiri makosa 14 ya aina hiyo ili shtaka la wizi liondolewe, na wanakijiji wakamchangia fedha alizodaiwa.

Tazama basi mizani ya kumbukumbu. Badiliko lililofanywa na kasoro ya programu liliandikwa chini ya kitambulisho cha wakala. Badiliko lililofanywa na fundi wa mbali liliweza kuonekana kuwa la wakala. Uthibitisho ambao wakala aliulazimishwa na hofu, huo ulikuwa na jina lake, tarehe yake na saa yake, bila shaka yoyote. Kumbukumbu iliyokusudiwa kumtambua kila mtumiaji ilikuwa na macho makali kwa mnyonge na upofu kwa mwenye mamlaka. Huu si uzembe wa kiufundi peke yake. Ni uhusiano wa kitabaka uliojengwa ndani ya muundo wa majedwali.

Tamthilia inalionesha jambo hili vizuri zaidi katika habari ya Lee Castleton wa Bridlington, anayeigizwa na Will Mellor. Castleton alipiga simu za msaada mara nyingi kabla ya kufikishwa mahakamani, akajitetea bila wakili, na mwaka 2007 akashindwa na kuamriwa kulipa gharama za takriban pauni 321,000. Hesabu alizozitia sahihi zilisimama dhidi yake. Mellor anaiigiza hali hiyo kwa utulivu wa mtu anayetafuta neno moja tu la kumwokoa na halipati. Kwa kweli neno hilo lilikuwepo, ila lilikuwa katika kumbukumbu za kitaalamu zilizotunzwa na Fujitsu, ambazo wakala hakuwa na uwezo wa kuzifungua. Sheria nayo ilimkaba: kifungu cha 69 cha Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya mwaka 1984, kilichomtaka mwendesha mashtaka athibitishe kwamba kompyuta ilifanya kazi sawasawa, kilifutwa kwa sheria ya mwaka 1999. Tangu hapo hata mahakama za jinai zilichukulia kwamba kompyuta ni nzima mpaka ioneshwe dalili ya ugonjwa wake, na dalili zilikuwa zimefungiwa kwa mpinzani.

6.0 Sura ya Mkosaji

Kama tamthilia nyingi zinazotokana na matukio ya kweli, kazi hii inahitaji wahusika wachache wenye sura. Wapelelezi wa kujitegemea wa kampuni ya Second Sight wameunganishwa kuwa mhusika mmoja wa kubuni, Bob Rutherford, anayeigizwa na Ian Hart. Uongozi wa shirika unabebwa kwa kiasi kikubwa na Paula Vennells, mtendaji mkuu wa zamani, anayeigizwa na Lia Williams. Upande wa pili yupo Alan Bates, ambaye Toby Jones anamwigiza kwa ukaidi mpole usio na makelele.

Uamuzi huo wa kifani una faida. Bila sura, mtazamaji hana mahali pa kuweka hasira. Lakini una gharama pia. Baada ya tamthilia kurushwa, zaidi ya watu milioni 1 walitia sahihi ombi la kutaka Vennells anyang'anywe nishani yake, naye akatangaza kuirudisha. Swali la nani awajibike lilipata jibu lenye uso, wakati swali la nani aliandika mstari fulani, katika tawi fulani, usiku fulani, halina jibu kwa kesi nyingi. Tamthilia inawezesha swali la kwanza kulifunika la pili.

Inaweza kujibiwa kwamba jedwali la kumbukumbu haliigiziki, na kwamba msanii halazimiki kufundisha uhasibu. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linapingwa na tamthilia yenyewe. Hughes ameshathibitisha, katika onyesho la Hamilton, kwamba tarakimu moja ya kijani au nyeusi inaweza kuliza nchi nzima. Kilichohitajika ni onyesho moja tu la mtu anayeomba kuona jina lililo kando ya mstari na kuambiwa kwamba hana ruhusa. Bates mwenyewe ni mhusika anayefaa kulibeba. Huko Llandudno aliligomea deni kwa sababu hakuwezeshwa kuichunguza data iliyolizaa, na mkataba wake ukavunjwa mwaka 2003. Tamthilia inamchora kama mtu anayekataa kuonewa. Ingeweza kumchora pia kama msomaji aliyenyimwa maandishi, na hapo ukaidi wake ungepata maana yake kamili: kutotia sahihi kile ambacho hukuruhusiwa kukisoma.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba Mr Bates vs The Post Office inafaulu katika usawiri wa mtu mbele ya skrini, katika matumizi ya kinaya, na katika kuujenga umoja wa mawakala kutoka katika upweke wao. Inapungukiwa pale inapotakiwa kuifuata tarakimu hadi kwa mwandishi wake. Matokeo yake ni kwamba ukweli unaonekana kupatikana kwa ujasiri wa mashahidi: Rudkin aliyeona, Bates aliyegoma, fundi aliyezungumza. Ujasiri wao ni wa kuheshimiwa, lakini jamii inayotegemea ujasiri wa shahidi ili kujua nani alibadilisha rekodi imekwisha kushindwa mapema. Kumbukumbu ya mabadiliko iliyo nzuri ni ile inayomwandika msimamizi kwa ukali uleule inaomwandika karani, isiyoweza kurekebishwa na yule inayemwandika, na inayosomeka na yule anayetuhumiwa kwayo.

Suala hili haliishii Uingereza. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali rekodi za kielektroniki kuwa ushahidi, na inaruhusu uhalisia wa mfumo kuchukuliwa kuwa upo pale penye ushahidi kwamba ulifanya kazi ipasavyo na pasipo ushahidi wa kinyume. Ni kanuni ya busara, mradi ushahidi wa kinyume uweze kufikiwa na anayeuhitaji. Wakala wa fedha wa Kariakoo au Kigoma ambaye salio lake halilingani jioni yuko mbele ya skrini ya aina ileile aliyokuwa mbele yake Hamilton. Ana haki ya kuuliza nani aliandika mstari huu, na haki hiyo haina maana iwapo jibu linatunzwa, linafunguliwa na linasomwa na anayemdai peke yake.